Programu ya duka ya VB6: kuna njia ya kuileta kwenye kivinjari bila kuanza upya?

Karani_wa_Nondo:

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnivumilie, nitaandika kirefu.

Mimi si msomi wa kompyuta. Visual Basic 6 (ndiyo hiyo VB6, lugha na chombo cha Microsoft cha kutengenezea programu za Windows) nilijifunza mwaka 2004 kwa kitabu cha kuazima, kwenye mashine ya stoo, nikiwa karani wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nilianza na kikokotoo cha mabati (mteja anataja futi, mashine inataja bei). Ikaja risiti, ikaja stoo, yakaja madeni. Leo ina fomu 41, zote nimezichora kwa mkono wangu, na kila kitu kinaingia kwenye faili moja la Access, hifadhidata ya Microsoft. Duka zima linaiegemea. Iko kwenye Windows 10 na haijawahi kunilaza macho.

Sasa tajiri kanunua simu kubwa, na mwanawe kamwambia siku hizi kila kitu kiko kwenye kivinjari. Amri imeshuka: "Duka nilitaka kwenye simu kabla ya Krismasi."

Nikaingia kwenye mafunzo ya HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti. Wakuu, kwenye VB6 kitufe nakiburuta nakiweka ninapotaka, nakibofya mara mbili, dirisha la msimbo linafunguka, naandika mistari mitatu, nimemaliza. Huku kukiweka kitufe katikati ya ukurasa kumenila Jumamosi nzima, na mwisho wa siku bado kilikuwa kimeegemea kushoto kama mlevi.

Nauliza mawili. Kuna chombo cha kutengenezea programu kilichomo ndani ya kivinjari, chenye fomu na vitufe vya kuburuta kama nilivyozoea? Na hili jambo wanaloliita WebAssembly, linaweza kuchukua programu yangu kama ilivyo likaiweka humo?

dogo_kibodi:

VB6 ilishazikwa zamani mzee. Futa yote, soma React ya kutengenezea kurasa za kivinjari, miezi sita uko fiti.

MamaFomu:

Shikamoo mzee wangu. Dogo hapo juu msamehe, hajawahi kuamka asubuhi akakuta keshia kasimama mlangoni na wateja kumi kwa sababu jana usiku kuna mtu "aliboresha mfumo".

Kwanza, programu yako haijafa. Kilichokufa ni kile chombo ulichochorea fomu: Microsoft waliacha kukihudumia tarehe 8 Aprili 2008. Mafaili yanayoiendesha programu yenyewe bado yamo ndani ya Windows, hata Windows 11. Kwa hiyo hakuna moto unaowaka, ni haraka ya tajiri tu.

Pili, maswali yako ni mambo mawili tofauti na watu huyachanganya. Chombo cha kuandikia kikiwa ndani ya kivinjari ni jambo moja. Programu uliyoandika kukimbia ndani ya kivinjari ni jambo lingine. VS Code, kihariri cha msimbo cha Microsoft, kwa mfano, tangu Oktoba 2021 inafunguka kwenye vscode.dev bila kusakinisha kitu, lakini haina fomu ya kuburuta wala kitufe. Kwako ni sawa na kupewa kalamu nzuri wakati uliomba mbao.

Kuhusu WebAssembly: ni lugha ya chini ambayo vivinjari vyote vikubwa vinaielewa tangu mwishoni mwa 2017. Programu iliyoandikwa kwa lugha za C, C++, Rust au C# inaweza kugeuzwa ikawa hiyo. Ahadi yenyewe, ya kukimbiza programu kamili ndani ya kivinjari, ni ya zamani. Walikuja na applet za Java, wakaja na ActiveX, wakaja na Silverlight, na zote zilikuwa wageni waliopachikwa pembeni ya kivinjari. Chrome walifunga mlango wa wageni hao mwaka 2015, na Silverlight huduma yake ilikoma Oktoba 2021. Huyu wa sasa ni mwenyeji, amejengwa ndani, ndiyo maana nina imani naye kidogo. Ila VB6 haimo kwenye orodha. Microsoft hawajawahi kutoa cha kuigeuza. Utaandika upya, hilo nisikufiche.

Sasa nikusimulie yaliyonikuta, maana hata lugha inapokubalika njia si nyeupe. Mwaka 2022 nilihamisha programu ya duka la dawa la jumla, Kariakoo. Ilikuwa ya C# na fomu za Windows, nikaipeleka kwenye Blazor, ambayo inaikimbiza C# ndani ya kivinjari kwa WebAssembly. Hesabu za bei, punguzo, tarehe za dawa kuisha muda, vyote nilivihamisha bila kugusa mstari. Nikajiona bingwa.

Siku ya kwanza, saa tatu asubuhi, keshia anapiga simu analia. Kwenye programu ya zamani F5 ilikuwa "Kamilisha mauzo". Vidole vyake vina miaka minane ya F5. Kabonyeza, kivinjari kikafanya kinachofanya kwa F5: kikapakia ukurasa upya. Dawa ishirini na tatu alizokuwa ameingiza zikayeyuka, na mteja amesimama mbele yake. F5 nikaizuia kwa mstari mmoja. Kesho yake ikawa Ctrl+N, yaani "Risiti mpya", nayo inafungua dirisha jipya la kivinjari, na hiyo ukiwa kwenye kichupo cha kawaida huruhusiwi kuizuia kabisa. Tukahamia F2. Keshia alininunia wiki nzima.

Lakini lililonitesa kuliko yote ni hili, na wewe wa VB6 litakugusa:

If MsgBox("Futa risiti hii?", vbYesNo) = vbYes Then

Programu inafika hapo inasimama. Keshia akienda kunywa chai, inamsubiri. Akirudi akajibu, mstari unaofuata unaendelea. Kwenye kivinjari anayechora ukurasa na anayeendesha msimbo wako ni mfanyakazi mmoja. Ukimsimamisha asubiri jibu, ukurasa wote unaganda, hata hicho kitufe cha "Ndiyo" hakibonyezeki. Kwa hiyo unamwambia: uliza, endelea na kazi nyingine, jibu likija rudi hapa. Kwa C# ni neno moja tu, await. Nililisahau sehemu moja kati ya mia na kitu. Mashine ya kutafsiri msimbo ilinionya kwa maandishi ya njano, nikapita kama sijaona. Matokeo: risiti inachapwa huku swali "Una uhakika?" bado liko kwenye kioo linasubiri kujibiwa.

Na faili lako la Access kivinjari hakiwezi kulifungua moja kwa moja kwenye folda ya pamoja. Lazima awepo mtu katikati, yaani seva. Hapo ndipo kazi ya wiki mbili hugeuka miezi mitano.

Kwa swali lako la kwanza, jaribu Anvil, chombo cha kutengenezea programu za wavuti. Unafungua kivinjari, unaburuta kitufe kwenye fomu, unakibofya mara mbili, dirisha la msimbo linafunguka. Lugha yake si VB, ni Python, lakini mkono wako utaitambua. Na ile seva yao ya kuendeshea unaweza kuisimika mwenyewe, ni ya chanzo huria.

Kabla hujagusa chochote lakini, mzee wangu, rudi kwa tajiri umuulize: kwenye simu unataka KUONA nini? Usimuulize anataka nini. Muulize anataka kuona nini.

Waya_Tupu:

Nyongeza fupi. Ipo njia ya mvivu, nami ni mvivu. Programu iache pale pale, weka Apache Guacamole katikati, kisha kioo cha kompyuta ya duka kinaonekana ndani ya kivinjari popote ulipo. Hubadilishi hata herufi. Tatizo: fomu zako zimechorwa kwa kioo kikubwa na panya. Kwenye simu ya tajiri vitufe vitakuwa kama chawa. Kwa laptopu inafaa sana. Na usiiache wazi kwenye intaneti bila VPN (njia ya siri ya kuingilia), tafadhali.

Karani_wa_Nondo:

Marahaba MamaFomu, na asanteni wote. Nimerudi baada ya wiki tatu.

Nilimuuliza tajiri kama ulivyosema. Akatazama dari, akahesabu kwa vidole: mauzo ya leo, nani anadaiwa, saruji imebaki mifuko mingapi. Basi. Fomu 41, mtu anataka namba tatu!

Anvil nimeifungua. Nilipoburuta kitufe, nikabofya mara mbili, na msimbo ukafunguka, nilimwita mke wangu aje aone. Hakuelewa anaangalia nini, ila alifurahi kwa ajili yangu. Python inanikera kwa nafasi za mwanzo wa mstari, nimezoea End If iniambie nimefika mwisho. Tutaelewana.

Nimekwama hapa. Nimesoma kuhusu ile Uplink yao: unaendesha programu ndogo ya Python kwenye kompyuta ya duka, yenyewe inapiga hodi nje kwa Anvil, hivyo huna haja ya kufungua mlango wowote kwenye ruta. Inaunganika vizuri. Ila nikiiambia isome faili la Access kwa pyodbc (kiungo cha Python na hifadhidata), inaniambia jina la chanzo halikupatikana na hakuna draiva, yaani programu ya kulifungulia faili. Faili lipo! Naliona kwa macho!

MamaFomu:

Faili lipo, mzee, ila Python haioni draiva. Ile draiva ya .mdb (faili la Access) inayokuja na Windows ni ya biti 32. Python uliyosakinisha bila shaka ni ya biti 64, na hao wawili hawazungumzi. Ondoa hiyo, weka Python ya biti 32, halafu pyodbc na anvil-uplink upya. Jina la draiva andika hivi hivi, na nyota yake: Microsoft Access Driver (*.mdb). Na soma tu. Usiandike chochote kwenye faili hilo kutokea kwenye simu, mwachie keshia na programu yako.

dogo_kibodi:

Kumbe kuna mambo. Mzee ukimaliza weka picha.

Karani_wa_Nondo:

Ilikuwa biti 32 kweli. Nimekaa siku mbili nikitafuta kosa kwenye msimbo, kumbe msimbo haukuwa na kosa.

Ukurasa umekamilika Jumanne. Namba tatu kubwa, na orodha ya madeni chini yake. Tajiri kaiweka kwenye kioo cha kwanza cha simu, juu ya WhatsApp.

Jumatano saa tatu usiku ananipigia. "Saruji inasema mifuko 163. Mimi nimepita dukani jioni, nimehesabu 118. Nani ananiibia?" Usingizi ukaruka. Asubuhi nikakagua: umeme ulikatika saa nane mchana hadi jioni, keshia akauza kwa daftari, akaingiza kesho yake asubuhi. Tofauti ni mifuko 45, na daftari lina mifuko 45. Nilimwonyesha tajiri ukurasa wa daftari, akanyamaza, lakini keshia bado hajaniangalia usoni.

Nimeongeza mstari mmoja chini ya zile namba, kwa herufi nyekundu: "Rekodi ya mwisho iliingizwa saa 7:52 mchana." Sasa tajiri akiona saa imelala anampigia keshia kuuliza kama umeme upo, mimi ananiacha.

Dogo, picha haiwekeki, ina majina ya wadaiwa.