Mrejesho: Meli ndogo mbadala wa Windstar

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri: sisi ni wapenzi wa Windstar, kampuni ya meli ndogo za kitalii, zikiwemo za matanga, ila tarehe zake za Mediterania zilikataa kuoana na likizo ya mke wangu. Tupande nini? Asanteni kwa majibu yenu.

SeaDream ilitushawishi sana. Abiria 112 tu, vinywaji na bakshishi vimo ndani ya nauli. Lakini ni boti ya injini, na sisi roho yetu iko kwenye matanga. Ponant, kampuni ya meli ya Kifaransa, tuliiacha mapema.

Tukaenda na Royal Clipper, meli ya matanga ya kampuni ya Star Clippers, kutoka Civitavecchia, bandari iliyo karibu na Roma. Jamani, milingoti mitano, matanga 42, na upepo ukikubali kweli wanazima injini! Unasikia maji na kamba tu. Abiria wanaruhusiwa kupanda mlingoti wakiwa wamefungwa mkanda, na kulala kwenye wavu ulio mbele ya omo, bahari ikipita chini yako. Mke wangu hakutaka kushuka.

Vyumba ni vidogo kuliko vya Windstar, na vinywaji unalipia mwenyewe. Chakula Windstar bado wanaongoza. Mwenye magoti mabovu ajue ngazi ni nyingi na lifti hakuna.