Naomba ushauri: kuwaandikia watu kumbukumbu za maisha yao kama kazi ya kudumu

Ndugu zangu, kwa miaka miwili nimewasaidia wazee watatu kuandika kumbukumbu za maisha yao, nikiwarekodi wakisimulia, kisha nikinakili maneno yao na kuyapanga katika sura, na sasa natamani kazi hii iwe riziki yangu. Kinachonitatiza zaidi ni malipo. Saa moja ya mazungumzo hunichukua saa nne au zaidi kuinakili, kabla hata sijaanza kuandika, nami hadi leo nimekuwa nikitoza kwa ukurasa, utaratibu ambao naona unanipunja. Je, ni bora kukubaliana bei ya mradi mzima na kulipwa kwa awamu, kila hatua inapokamilika?

Jambo jingine ni mkataba. Mteja wangu wa mwisho alisimulia ugomvi wa mirathi akiwataja ndugu zake walio hai, akakataa katakata nibadilishe majina. Niliandika, lakini moyo haukutulia. Mkataba uelezeje nani atawajibika iwapo ndugu hao watadai wamekashifiwa, na hakimiliki iwe ya nani? Wenye uzoefu, mliwapataje wateja wa kwanza wasio jamaa zenu?