Gumzo la Ukoo wa Kibokoni: Ngomeni Jumapili

JUMATATU

20:02 Da Zuhura: Assalaam aleikum nyote. Said na mkewe na watoto wanaingia kutoka Maskati Alhamisi usiku. Wameomba kitu kimoja tu, waione Ngome yetu ya Mombasa, Fort Jesus. Basi Jumapili twaenda Ngomeni ukoo mzima, na Nana pamoja. Kila nyumba 1,500 kwangu kwa M-Pesa kabla ya Ijumaa. Nataka majina na idadi ya watoto LEO.

*Da Zuhura alibadilisha jina la kikundi kuwa "NGOMENI JUMAPILI SAA 3 KAMILI"*

20:41 Da Zuhura: Naona mshasoma. Macho mnayo, vidole je?

20:44 Nasra: Waaleikum salaam 😂 mimi nipo

20:45 Swaleh: Nami nipo. Ila saa 3 ya nani? Ya saa au ya ukoo huu?

20:52 Mwalimu Athman: Wazo zuri hili. Twapita pale nje kila siku lakini wengi wetu hatujaingia tangu safari za shule. Mimi nakumbuka mizinga tu, na mwalimu akitupigia kelele tushuke ukutani.

20:55 Swaleh: Mimi sijaingia kabisa, na nimezaliwa Kibokoni. Abiria wa tuktuk wakiniuliza historia nawaambia "ilijengwa zamani sana". Wananilipa na asante juu.

20:57 Mwalimu Athman: Haya andika. Wareno, 1593 mpaka 1596. Ramani ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali.

20:58 Swaleh: Kama Ami Twaha baada ya pilau

20:58 Nasra: 😂😂😂😂

21:00 Da Zuhura: HATUJAFIKA HUKO. Idadi.

21:30 Da Zuhura: Idadi jamani.

JUMANNE

05:47 Hamid: Ndio natoka bandarini sasa. Jumapili sijui zamu itakaaje. Nitaona.

06:10 Da Zuhura: "Nitaona" naiandika kwenye daftari safu gani, Hamid?

12:31 Khalti Rukia: Zuhura mwanangu, hizo 1,500 ni za nini na nini?

12:33 Da Zuhura: Tikiti, chakula, na basi dogo la kuwatoa watu wa Kisauni na Mtwapa. Tikiti siku hizi zalipwa kwa simu, si vizuri kila mtu asimame langoni abonyeze yake, watoto waungue jua. Mtu mmoja alipe zote.

12:36 Khalti Rukia: Basi dogo tena?

12:36 Swaleh: 👀

12:38 Khalti Rukia: Nauliza tu. Maana la Gede nalo lilikuwa dogo.

12:39 Nasra: Khalti jamani 🙈

12:41 Da Zuhura: Khalti, ya Gede yaliisha. Tulikaa mbele ya Nana yakaisha.

12:44 Khalti Rukia: Yaliisha kwako wewe uliyekaa kiti cha mbele. Mimi sufuria yangu ya biriani haijarudi mpaka leo. Na mfuniko wake.

12:45 Swaleh: Mfuniko niliuona kwa Hamid, umefunika pipa la maji

12:52 Mama Lulu: Swaleh, umeingia kwangu lini ukaanza kukagua mapipa?

12:53 Swaleh: *Ujumbe huu ulifutwa*

12:53 Mama Lulu: Nimeshausoma.

13:20 Da Zuhura: Narudia. Walolipa mpaka sasa: Nasra. Mmoja. Mtoto wa chuo ndiye amelipa.

19:15 Said Maskati: Salaam kwenu. Tunashukuru sana kwa maandalizi. Watoto huku wanauliza kama ni kweli mababu zao waliipiga hiyo ngome.

19:18 Swaleh: Waambie ndio, na waje na pesa za kukarabati

19:24 Mwalimu Athman: Si kuipiga tu, Waomani waliizingira. Machi 1696 mpaka Desemba 1698, miezi 33. Njaa na maradhi yaliwamaliza walio ndani kuliko risasi. Msaada wa Wareno ulikuwa ukitoka Goa kule Bara Hindi, na mara nyingi ulifika umechelewa. Meli moja, Santo António de Tanná, ilizama pale pale chini ya ukuta 1697. Wapiga mbizi waliichimbua miaka ya 1970, vitu vyake vimo mle ndani, mtawaonyesha watoto.

19:26 Swaleh: Msaada wa kuchelewa na kuzama twaujua. Ni mchango wa Hamid

19:27 Nasra: 💀💀

19:29 Da Zuhura: Wao wamengoja miezi 33, mimi siwezi kupata majina kwa siku mbili.

19:31 Said Maskati: Na waliokuwa ndani wote ni Wareno?

19:35 Mwalimu Athman: Wapi! Ilifika wakati Wareno wamekwisha karibu wote, walioshika ngome ni Waswahili wenzetu wa Faza, kule Lamu, na watu wao.

19:36 Swaleh: Kwa hivyo nje tulikuwako na ndani tulikuwamo. Ndio ukoo wetu huu kabisa

19:40 Khalti Rukia: Na sufuria zilikuwa upande gani

JUMATANO

09:05 Da Zuhura: Ratiba. Saa 3 tuko langoni. Saa 6 unusu tunatoka, wanaume wanaswali msikiti wa Mandhry, kisha chakula cha mchana Kibokoni, nyumba kubwa. Jioni ufukweni Mama Ngina, watoto wale krispi za muhogo na madafu.

09:07 Da Zuhura: Kuhusu Nana. Nimeomba kiti cha magurudumu kwa jirani. Pale mlangoni pana mwinuko na mawe yake si ya kusukuma kiti, kwa hivyo nataka vijana wanne wa kumbeba. Swaleh, Hamid, na wawili wajitokeze.

09:30 Swaleh: Mgongo wangu una historia kama ngome lakini sawa

09:48 Nasra: Nimtengenezee Nana kofia ya jua? Halafu tupige picha naye kwenye mzinga 😍

11:15 Ami Twaha: Nyumba kubwa ina wapangaji.

11:16 Swaleh: Ami yuko hai!!

11:19 Da Zuhura: Ami shikamoo. Twataka baraza na ua tu, kwa muda wa saa mbili hivi.

11:40 Ami Twaha: Marahaba. Wapangaji wamelipia na ua.

11:42 Khalti Rukia: Kumbe ua nao hulipiwa. Na hiyo kodi ya ua huingia wapi, Twaha?

11:43 Da Zuhura: Khalti, tafadhali. Si hapa.

11:43 Khalti Rukia: Hapa ndipo wote tupo.

11:50 Mama Lulu: Mimi naweza kupika wali wa nazi na samaki wa kupaka, tule pale bustanini nje ya Ngome. Viazi karai vipo hapo hapo. Hatuhitaji ua wa mtu.

11:51 Swaleh: Na sufuria unayo 😇

11:51 Mama Lulu: Swaleh, nitakukuta stendi.

16:22 Nana: 🎤 *Ujumbe wa sauti, 2:06*

16:40 Hamid: Niko kazini kelele nyingi, siwezi kusikiliza. Nana amesemaje?

16:41 Hamid: ?

17:03 Hamid: Jamani mbona kimya, Nana mzima?

17:10 Nasra: Mzima. Naandika, ngoja.

17:24 Nasra: Amesema hivi, sijaongeza kitu:

"Salaam wanangu na wajukuu. Nimesomewa yote. Mwanipangia kiti na watu wa kunibeba, na hakuna hata mmoja alonipigia simu kuniuliza, Nana, wataka kwenda? Nyinyi mle mwaita makumbusho. Mimi nalipokuwa mtoto palikuwa jela. Babangu alifungwa mle kwa deni la mtu mwengine. Mamangu alikuwa akinishika mkono alfajiri, tukisimama pale langoni na kikapu. Siku nyengine askari hupokea, siku nyengine huturudisha nacho, na mkate ushapoa. Mahamri na mbaazi tukayala wenyewe ndiani, mama haongei. Babangu alipotoka hakuipita ndia ile tena. Hata akienda sokoni huzunguka. Hamuyajui haya kwa sababu hamkuuliza, na mimi sikusema. Ntakuya, kwa ajili ya Said na wanawe. Lakini ndani siingii, na habebwi mtu. Ntakaa pale langoni kwenye kivuli. Na Said akae na mimi kwanza, kabla hajaona mzinga wala meli. Na wewe Rukia, sufuria nimekununulia mara mbili tangu uolewe. Yakome."

17:25 Hamid: La ilaha illa Llah

18:50 Mwalimu Athman: Ilikuwa jela tangu 1895 mpaka 1958. Makumbusho yalifunguliwa 1960. Miaka yote nawasomesha watoto tarehe hizi ubaoni. Sikujua kama babu alikuwamo.

18:52 Da Zuhura: Sawa Nana. Kiti nimekirudisha.

19:30 Said Maskati: Nitakaa na wewe Nana. Hata siku nzima.

20:15 Ami Twaha: Alikuwa akizunguka kwa Makadara. Nalikuwa mdogo, namfuata nyuma, nikidhani apenda kutembea.

21:02 Nasra: ❤️

ALHAMISI

08:00 Da Zuhura: Asubuhi njema. Tuendelee. Kama Nana anakaa nje, lazima awe na watu. Nani anabaki naye? Na kivuli cha pale asubuhi kiko upande gani, Swaleh wewe ndiye wa mjini.

08:12 Swaleh: Asubuhi kivuli kinategemea. Alasiri ni bora, jua linakuwa limekwenda nyuma ya mji na upepo wa bahari unapanda

08:14 Da Zuhura: Alasiri haiwezekani, basi dogo ni la asubuhi.

08:20 Khalti Rukia: Nana asipoingia, tikiti yake hailipwi. Basi 1,500 ya kwetu inapungua?

08:21 Nasra: Khaltiiii

08:22 Khalti Rukia: Hesabu si dhambi.

10:47 Ami Twaha: Jumapili kuna arusi Majengo, watu wa mkewe Athman. Nusu ya nyinyi mmealikwa. Kwa nini isiwe Jumamosi?

10:49 Mwalimu Athman: Wallahi ni kweli. Nilikuwa nikitafuta namna ya kusema.

10:50 Da Zuhura: Mwalimu!! Umetusomesha Wareno siku tatu, arusi hukuitaja?

10:55 Mama Lulu: Jumamosi samaki ni ghali.

11:02 Hamid: Jumamosi niko huru, Jumapili sijui

11:03 Da Zuhura: Hamid, hilo ni jibu lako la kwanza lenye siku ndani yake. Nashukuru. Umetuma?

14:36 Hamid: Nimetuma 500. Jina litatoka la Mama Lulu.

14:37 Mama Lulu: Kwa simu yangu?? Saa ngapi umeichukua?

IJUMAA

07:30 Said Maskati: Tumefika salama, alhamdulillah. Tumelala kwa Nana. Watoto wameamka na kuku.

07:41 Da Zuhura: Karibuni sana. Msile sana, Khalti ameandaa.

07:45 Khalti Rukia: Nimeandaa kwa sufuria ya kuazima.

*Da Zuhura alibadilisha jina la kikundi kuwa "NGOMENI JUMAMOSI (AU JUMAPILI)"*

13:55 Ami Twaha: Nimezungumza na wapangaji. Baraza tu. Uani hapana. Na wasiwe watu thelathini.

13:58 Da Zuhura: Ami, Mungu akubariki. Siku gani ulowaambia?

16:30 Da Zuhura: Ami?

17:45 Da Zuhura: Dereva wa basi ataka arubuni kabla ya Magharibi au anampa mtu mwengine. Nimwambie siku gani? Walolipa kamili: Nasra, Mwalimu, Mama Lulu aliyejazia ile 500 ya Hamid. Nahitaji neno moja, Jumamosi au Jumapili.

17:52 Mwalimu Athman: Jumamosi, kama arusi haina shughuli za usiku wake.

17:53 Da Zuhura: Ina au haina?

17:59 Mwalimu Athman: Namuuliza mke wangu.

18:20 Nasra: Niko kwa Nana. Amesema yeye siku yoyote, ila saa 10 alasiri, kwa sababu ya jua. Na Said anaambiwa avae kanzu, si kaptura.

18:22 Da Zuhura: Saa 10?? Na basi?

18:24 Swaleh: Tuktuk yangu yachukua watatu. Nana, Said na mtoto mmoja. Kesho saa 10 niko mlangoni kwa Nana. Nyinyi endeleeni na kura

18:24 Da Zuhura: Swaleh usithubutu.

18:31 Da Zuhura: Swaleh nimekupigia mara mbili. Shika simu.