Naomba ushauri: fereti jike ameingia joto wakati usio wake

Ndugu wafugaji na waganga wa mifugo, nawasalimu kwa heshima kutoka Lubumbashi.

Ninamtunza fereti jike, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, aliyeletwa kutoka Ubelgiji. Nilitarajia aingie joto, yaani awe tayari kupandwa, mwezi wa Septemba, mchana unapoanza kuwa mrefu kuliko usiku huku kusini mwa ikweta, lakini uke wake umevimba tangu katikati ya Juni, wakati mchana wetu haufikii hata urefu wa saa 12. Kizimba chake kiko sebuleni, ambako taa huwaka hadi saa tano usiku, nami naishuku taa hiyo kumfanya adhani siku zimerefuka.

Kinachonitisha ni kwamba jike wa fereti hapevushi mayai bila kupandwa. Joto lisipokatika, homoni hudhoofisha uboho wa mifupa na damu humwishia. Dume sina. Daktari wa mifugo, aliyekiri kwa uungwana kwamba amezoea mbuzi na mbwa, alimpa vitamini tu, na wiki tatu zimepita bila mabadiliko. Fizi zake bado ni nyekundu, hazijapauka kwa upungufu wa damu.

Je, nikimfunikia kizimba kuanzia saa kumi na mbili jioni, joto litakatika upesi vya kutosha? La sivyo, kati ya sindano ya kupevusha mayai na upasuaji wa kumfunga uzazi, nianze na lipi akiwa katika hali hii?