Simu ya Mama (kundi la familia: Wana wa Kizuiani)

ALHAMISI

Dada Mwanaidi, saa 1:12 usiku
Assalaam aleikum ndugu zangu. Leo nimepita Kizuiani nikitoka kazini, nikamkuta Mama ameishika simu yake kwa mikono miwili, anaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha ili aone jina la mtu aliyempigia, kwa sababu nusu ya chini ya kioo imekuwa nyeusi kabisa. Akipigiwa sasa anapokea kwa kubahatisha. Mambo ya kusema tutaona mwisho wa mwezi yaishe. Naomba simu inunuliwe Jumamosi hii.

Dada Mwanaidi, saa 1:20 usiku
Nimepita maduka manne mtaa wa Aggrey, na katika simu zote nilizooneshwa nimebaki na mbili. Ya kwanza ni Samsung Galaxy A06 yenye RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 128, ambayo nimetajiwa 345,000. Ya pili ni Tecno Spark 20 yenye RAM ya GB 8 na nafasi hiyo hiyo ya 128, kwa 395,000. Mafungu ni yale tuliyokubaliana wakati wa Idi: mimi 100,000, Salum 100,000, Hawa 80,000, Shabani 80,000, Idrisa 40,000. Langu nimeshaliweka. Tumeni kwenye namba yangu ya M-Pesa pamoja na ya kutolea, mwisho kesho saa 2 usiku.

Dada Mwanaidi, saa 2:03 usiku
Naona watu saba wamesoma na hakuna aliyejibu.

Idrisa (Buguruni), saa 2:31 usiku
Shikamoo Mama Mkubwa, uniwie radhi, nilikuwa na simu ya mteja imefunguliwa mezani na nisingeweza kuiacha. Hizo simu mbili ninazifahamu, kila wiki zinapita mikononi mwangu. Kwanza niseme kwamba ndani yake zinakaribiana kuliko muuzaji anavyotaka uamini: zote zinaendeshwa na chipu ileile ya MediaTek, Helio G85, ambayo ni ya mwaka 2020, zote zina betri ya mAh 5,000 na kamera ya nyuma ya megapikseli 50. Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba moja ina kasi mara mbili ya nyingine, huyo anauza. Tena ukiona bango la Tecno limeandikwa GB 16 za RAM, ujue kwamba nane ndizo halisi, na nane nyingine zinaazimwa kutoka kwenye nafasi ya kuhifadhia.

Dada Mwanaidi, saa 2:34 usiku
Marahaba mwanangu. Sasa tuambie tofauti, maana ndiyo tunayoilipia.

Idrisa (Buguruni), saa 2:46 usiku
Samsung ni ya 2024, na kampuni imeahidi kuitumia masasisho ya usalama kwa miaka minne na kuipandisha Android mara mbili. Tecno, ambayo ilitoka mwishoni mwa 2023, haina ahadi ndefu kiasi hicho. Kwa mtu anayeweka fedha zake kwenye simu, hilo si jambo dogo. Lakini Tecno ina spika mbili, moja juu na moja chini, wakati Samsung ina moja tu. Kioo chake kinateleza vizuri zaidi unapokisogeza, kwa sababu ni cha hezi 90, yaani picha inabadilika mara 90 kwa sekunde, na kile cha Samsung ni 60. Kamera ya mbele ni megapikseli 32 kwa 8. Na mimi nikizungumza kama fundi, kioo cha Spark kikivunjika asubuhi, mchana nimeshakipata Kariakoo na jioni Bibi anapiga simu.

Shabani, saa 2:48 usiku
Ninaomba suala la rangi lizingatiwe kabla ya mengine yote. Mama ni Simba damu. Akiletewa simu ya kijani, rangi ya Yanga, hataiwasha.

Wifi Zainabu, saa 2:50 usiku
Shemeji, Mama mwenyewe mwaka jana alivaa ile khanga ya njano na kijani niliyomletea, na akanishukuru sana.

Shabani, saa 2:51 usiku
Aliivaa jikoni, wifi, tena mlango umefungwa.

Idrisa (Buguruni), saa 2:53 usiku
Nitampelekea kava jekundu mwenyewe, Mjomba, usiwe na wasiwasi.

Dada Mwanaidi, saa 2:57 usiku
Shabani, nimefurahi kwamba upo macho. Fungu lako ni 80,000. Tukirudi kwenye jambo letu, mimi msimamo wangu ni Samsung. Miaka minne ya usalama ni miaka minne ambayo sitahangaika, na ile 50,000 inayobaki itanunua kava na protekta na bando la miezi miwili.

Wifi Zainabu, saa 3:04 usiku
Wifi, samahani kwa kuingilia. Nimeuliza jirani yangu anayetumia hiyo A06, anasema ndani ya boksi alikuta waya tu, na kichwa cha chaja alikinunua pembeni. Kichwa halisi cha wati 25 si cha bei ya barabarani. Ukiweka na hicho, tofauti ya bei inakaribia kuisha. Halafu naomba kuuliza, ipi kati ya hizo inafunguka kwa alama ya kidole? Nafikiri kwa Mama ingekuwa rahisi kuliko kukumbuka namba.

Idrisa (Buguruni), saa 3:07 usiku
Zote mbili, Mama. Kidole kinawekwa ubavuni, kwenye kitufe cha kuwashia.

Dada Mwanaidi, saa 3:15 usiku
Hilo tuliweke kando kabisa. Januari 2020 laini zilipokuwa zinasajiliwa kwa alama za vidole, mimi ndiye niliyekaa na Mama kwenye foleni. Tulirudi mara tatu. Yule kijana alimfuta kidole kwa kitambaa, akampaka mafuta, akajaribu gumba, akajaribu cha shahada, mkono wa kulia na wa kushoto, na mashine ikawa inakataa tu. Mama akavitazama vidole vyake na kusema, “Vimeishia kwenye ukili.” Ncha zake zimelainika kama jiwe la mtoni kwa sababu ya mikeka iliyotusomesha sisi sote tulio humu. Atatumia namba ya siri, nami nitakaa naye hadi aizoee.

Shabani, saa 3:22 usiku
Dada, kwa kweli mwezi huu nimebanwa, ada ya mtoto imenimaliza. Kwa nini tusichukue moja ya zile za mkopo, ambazo unatanguliza kidogo na kulipa kila siku? Tungeweza kumchukulia hata iliyo kubwa zaidi ya hizi.

Dada Mwanaidi, saa 3:26 usiku
Hapana, Shabani. Zile ukichelewa kulipa zinajifunga zenyewe, simu inabaki mkononi kama kigae. Sitakubali Mama aamke siku moja akute simu imefungwa kwa sababu mmoja wetu amesahau kulipa. Tulishaona jambo hilo linavyokuwa. Sitaki Ikwiriri nyingine.

Salum, saa 3:29 usiku
_Ujumbe huu umefutwa_

Dada Mwanaidi, saa 3:30 usiku
Salum, andika. Usifute.

Salum, saa 3:52 usiku
Nimefuta kwa sababu niliandika kwa hasira, na humu wamo watoto wetu. Dada, kila tunapozungumzia simu, Ikwiriri inatajwa. Na kila inapotajwa, jina langu halitajwi lakini kila mtu analisoma. Ile simu niliinunua dukani mchana kweupe kwa 180,000, ilikuwa na boksi, kitabu na stika ya dhamana. Sikuiokota jalalani. Juni 16, 2016 TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu bandia nchi nzima, ya Mama ilizimika pamoja na za watu wengine wengi, wakiwamo wasomi. Nilidanganywa. Sikumdanganya Mama.

Dada Mwanaidi, saa 3:58 usiku
Hakuna aliyesema ulimdanganya. Lakini tangazo lilikuwa redioni kwa miezi mingi kabla ya siku ile: bonyeza *#06#, tuma ile namba ya utambulisho inayotokea kwenye kioo kwenda 15090, utajibiwa ni simu ya kampuni gani na ya aina gani. Ni kazi ya dakika moja, na hukuifanya.

IJUMAA

Wifi Zainabu, saa 1:40 asubuhi
Assalaam aleikum. Ninaomba tusikae kimya hivi siku ya Ijumaa.

Idrisa (Buguruni), saa 3:10 asubuhi
Shikamooni. Dukani wameniambia Spark za kijani hawana, kwa hiyo lile la Mjomba Shabani limejitatua.

Dada Mwanaidi, saa 4:25 asubuhi
Hadi sasa nimepokea la Idrisa tu. Bado Salum, Shabani na Hawa.

Mjomba Abdallah, saa 8:05 mchana
Wapwa zangu, assalaam aleikum. Ninaandikiwa na mjukuu kwa kuwa macho yangu hayasomi tena maandishi haya madogo, na yeye amenisomea yote mliyoandika tangu jana, hata lile la rangi.

Mnaitaja Ikwiriri kana kwamba ni jambo la simu. Mimi ndiye niliyekuwa Ikwiriri. Mama yenu mdogo alifariki baada ya daku, na mimi ndiye niliyepiga namba ya dada yangu. Nilipiga mara tatu, nikaambiwa haipatikani, nikaweka simu mfukoni nikaenda kusimamia kaburi. Gari za Mbagala zilikuwa zinapita pale barabarani, na kijana yeyote ningempa nauli angefika Kizuiani kabla ya adhuhuri. Wazee wetu walizikana wakati hakuna simu wala umeme, kwa sababu mtu alitumwa kwa miguu yake. Mimi sikutuma mtu. Dada yangu alifika jioni, watu wanafuturu, mchanga umeshakauka, na hakuniuliza neno. Miaka yote hii lawama imekaa kwa Salum nami nimeiacha ikae huko, kwa sababu ilikuwa nyepesi kwangu. Ninaiondoa leo.

Simu ya mama yenu atakwenda kuinunua Salum. Fedha zote apewe yeye. Mwanaidi, umefanya kazi kubwa na ninakushukuru, ila hapa naomba unisikilize.

Idrisa (Buguruni), saa 8:09 mchana
Shikamoo Babu. Tumekusikia.

Wifi Zainabu, saa 8:11 mchana
Shikamoo Mjomba. Mwenyezi Mungu akupe afya.

Shabani, saa 9:47 alasiri
Shikamoo Mjomba. Nimesoma mara mbili.

Dada Mwanaidi, saa 11:36 jioni
Shikamoo Mjomba. Nilikuwa kazini na sikuweza kujibu mbele ya watu. Nimekusikia, na neno lako nalitii. Salum, nakutumia 140,000, yangu na ya Idrisa, pamoja na ya kutolea. Nisamehe kwa yale ya jana ya dakika moja.

Salum, saa 12:50 jioni
Ahsante Mjomba. Sikuwa nalijua hilo la gari za Mbagala. Dada, fedha zimefika, na yamekwisha.

Salum, saa 1:05 usiku
Kuhusu simu yenyewe, mimi naona bado hatujazungumza juu ya masikio ya Mama. Jumapili iliyopita nilimpigia nikiwa kwenye pantoni, na nikamsikia akimwambia mtoto wa jirani, “Hebu nisikilizie, huyu ni Salum lakini sauti yake iko mbali.” Sikuwa mbali, ni simu iliyokuwa inanong’ona. Kwa hiyo kesho nitachukua ile sauti aliyoturekodia siku ya Maulidi, nitaicheza kwenye Samsung na kwenye Tecno palepale Aggrey, pamoja na kelele zake zote na wapiga debe wake, na Idrisa atasimama hatua tano. Itakayosikika ndiyo nitakayoipendelea. Na kabla sijatoa hata shilingi, *#06# itasomwa mbele yangu, itafananishwa na namba ya kwenye boksi, na itatumwa 15090. Nitapiga picha ya jibu niiweke hapa.

Dada Mwanaidi, saa 1:14 usiku
Hilo la spika ni la kweli na mimi nililipita haraka. Lakini miaka minne ya usalama nayo ina uzito, Salum, kwa sababu Mama anapokea fedha za mikeka kwenye simu, na matapeli wa kutuma meseji kila siku wanabuni njia mpya. Naomba usiamue kwa sauti peke yake.

Salum, saa 1:17 usiku
Nitakupigia nikiwa dukani, tuamue pamoja.

Idrisa (Buguruni), saa 1:25 usiku
Jambo moja naomba lisisahaulike. Simu ya zamani ya Bibi msiitupe wala msimpe fundi mwingine. Ndani yake kuna memori kadi yenye picha za Mama mdogo wa Ikwiriri, na nadhani hatuna nakala kwingine. Simu zote mbili zinapokea kadi, kwa hiyo nitaihamisha mbele yake mwenyewe.

Hawa (Dodoma), saa 4:41 usiku
Assalaam aleikum jamani, nilikuwa safarini na mtandao ulikuwa haushiki, sasa ndiyo nasoma kuanzia juu. Shikamoo Mjomba, nimelia. Fungu langu nimeshalituma kwa Dada Mwanaidi kabla sijafika kwenye ujumbe wa kusema apewe Salum, tena sikuweka ya kutolea. Je, nimtumie upya? Na ni Samsung au ni Tecno?

Dada Mwanaidi, saa 4:44 usiku
Usitume upya, nitampelekea mwenyewe alfajiri. Ya kutolea nitaiongeza mimi.

Dada Mwanaidi, saa 4:45 usiku
Shabani, Salum anavuka na pantoni ya saa 2 asubuhi. Bado wewe.