Gitaa langu la kutengenezwa kwa mkono limefika, sauti nimeipenda ila kuna vitu vinanitia wasiwasi, naombeni ushauri

Nyuzi_Sita:
Wakuu habari zenu. Gitaa nililokuwa nalisubiria kwa hamu hatimaye limefika, ni akustika ya nyuzi za chuma, kalitengeneza fundi mmoja anayefanya kazi peke yake, uso ni mbao ya sprusi, mgongo na mbavu mahogani, ubao wa vidole mpingo, na rangi hakuna, kalisugua sheleki (utomvu wa kung'arisha mbao) kwa mkono tu mpaka ukiligeuzia kwenye mwanga unaona mistari ya mbao imenyooka toka juu hadi chini. Kitu cha kwanza nilichokigundua ni wepesi, mimi nimetoka kwenye gitaa la kiwandani la uso wa plaiwudi, hili ukilipakata na kupiga E nzima unausikia mtetemo hadi kifuani, na ukiziacha nyuzi zenyewe sauti inakaa, inakaa, haitaki kuisha. Nimelipenda sana, hilo niliseme kabisa.

Sasa yanayoninyima usingizi. Uzi mnene wa E nikibonyeza freti (vile vyuma vya kukata shingo) ya kwanza mpaka ya nne na kupiga kwa nguvu unatoa zzzz, lakini ukiwa wazi uko safi na kuanzia freti ya sita kwenda juu uko safi. Halafu uzi wa B freti ya kwanza, ile C, kila nikiangalia kwenye tuna (kifaa cha kupimia noti) imepanda kidogo, kwa hiyo kodi za C na F, yaani noti kadhaa zikipigwa pamoja, zinanikera wakati kodi za huku juu ziko vizuri tu. Nyuma ya daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi juu ya uso, uso umevimba, siyo sana ila ukiweka rula unaona. Na nyuzi nyembamba naona zimebana, hazina ule utamu wa besi.

Fundi kanipa muda wa kulijaribu na naruhusiwa kulirudisha. Jamaa yangu anasema nikaze tu kile chuma cha ndani ya shingo kila kitu kitakaa sawa. Hivi kwa gitaa la mkono haya ni ya kawaida au lina kasoro? Nianzie wapi?

Kapo_Moja:
Hongera sana mkuu! Ila tafadhali usikaze hicho chuma. Kukaza kunazidi kuinyoosha shingo, na kelele ya freti za mwanzo tu mara nyingi inatokana na shingo ambayo tayari imenyooka kupita kiasi, yaani unaongeza ugonjwa. Pima kwanza.

BabuBesi:
Mimi ningerudisha. Gitaa la oda linatakiwa lifike likiwa tayari, siyo mteja aanze kuhangaika na bisibisi. Muda wa kulijaribu ukipita huna pa kusemea.

FundiMbao:
Babu nakuheshimu ila hapa umewahi sana. Gitaa jepesi lenye uso mwembamba linatembea na hali ya hewa, linaweza kutoka kwa fundi likiwa sawa kabisa, likasafiri, likafika kwenye chumba kikavu, uso ukashuka na nyuzi zikashuka nao. Siyo lazima fundi awe kakosea. Mafundi wengi wanajenga kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 50 na humo ndimo gitaa linataka kuishi.

Mleta mada fanya hivi. Weka kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote) freti ya kwanza, kwa mkono mwingine bonyeza uzi mnene pale shingo inapoungana na mwili wa gitaa, halafu angalia mwanya kati ya uzi na freti ya saba. Unatakiwa uwe kama milimita 0.2 hadi 0.3. Kama huna zile bamba nyembamba wanazopimia mwanya mafundi magari, tumia karatasi ya printa, moja ina kama 0.1, kwa hiyo karatasi mbili zipite bila kuuinua uzi. Ukimaliza toa kapo, pima urefu toka juu ya freti ya 12 hadi chini ya uzi, mnene na mwembamba.

Hiyo C inayopanda ni habari nyingine kabisa na usiichanganye na shingo. Bonyeza uzi wa B katikati ya freti ya pili na ya tatu, uangalie mwanya juu ya freti ya kwanza. Unatakiwa uwe mdogo sana, unaonekana kwa shida. Ukiwa mkubwa maana yake mfereji wa ule mfupa wa juu karibu na kichwa haujachimbwa vya kutosha, kidole chako kinauvuta uzi chini zaidi ya inavyotakiwa na noti inapanda. Ndo maana kodi za juu ziko sawa. Kuuchimba ni kazi ya faili maalumu na mkono wa fundi, ukipitiliza kidogo uzi wazi unaanza kulia.

Uvimbe nyuma ya daraja usikutishe. Seti ya kawaida ya nyuzi za unene wa 12-53 inavuta kama kilo 70 na kitu ikiwa imetyuniwa, na nyuso nyingi zinajengwa zikiwa zimebinuka kidogo makusudi. Cha kuangalia ni kama daraja linaachia: pitisha kona ya karatasi pembeni ya daraja kwa nyuma, ikiingia chini yake hapo piga simu haraka.

Nyuzi_Sita:
Asante sana kaka, nimepima vyote. Freti ya saba hata karatasi moja haipiti, uzi umelala kabisa. Freti ya 12 mnene 2.2, mwembamba 1.7. Mwanya wa B juu ya freti ya kwanza unaonekana wazi ukilinganisha na nyuzi zingine. Daraja karatasi haiingii popote. Na nimeazima haigromita (kipima unyevu wa hewa), inasoma asilimia 36!

FundiMbao:
Basi jibu umelipata. Urefu wa 12 ni mzuri, usiguse daraja. Chumba ni kikavu na shingo imenyooka mno. Liweke kwenye kesi na kifaa cha unyevu, lipe siku kadhaa, pima tena. Kama bado, mpigie fundi umtajie hizo namba, yeye ndo anajua chuma alichoweka kinazunguka vipi. Vingi ukilegeza robo mzunguko kinyume na saa shingo inapata mkunjo, ila asikie kwanza.

Dada_Sprusi:
Kuhusu nyuzi nyembamba kubana, sprusi mpya ndivyo ilivyo kwa wengi wetu, langu lilianza kulainika kadiri nilivyolipiga, nyuso za mbao ya sida zinawahi zaidi. Jaribu pia piki (kile kibapa cha kupigia nyuzi) nene yenye ncha ya mviringo kabla hujalaumu mbao, tofauti yake kwenye B na E ndogo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Na wewe una sheleki, angalia sana sanitaiza ya mikono! Alkoholi inayeyusha sheleki, ukipaka halafu ukaegemeza mkono pale juu unaacha alama ya kiganja. Futa kwa kitambaa laini kikavu, basi.

Nyuzi_Sita:
Mrejesho wakuu. Unyevu umefika 47, mwanya ukaongezeka kidogo tu, nikampigia fundi na namba zote, hakubisha hata kidogo, akanielekeza kulegeza chuma robo mzunguko kupitia tundu la sauti. Sasa karatasi mbili zinapita na zzzz imeisha, labda nikipiga kwa nguvu za kupitiliza. C bado inapanda, amesema huo mfupa ni wake na ataurekebisha bure, nimtumie. Je nitoe nyuzi zote kabla ya kulisafirisha?

BabuBesi:
Fundi anayepokea simu hivyo ni wa kumshika, nimebadili mawazo. Usitoe nyuzi, zilegeze kila moja ishuke sauti mbili tatu hivi. Jaza karatasi chini ya shingo na pande zote za kichwa ndani ya kesi ili kichwa kisicheze, maana kesi ikianguka huwa panakatika pale shingo inapokutana na kichwa. Na lipige picha kila upande kabla hujafunga boksi.