Trauti wakubwa wa mtoni: fimbo ya nzi namba 8 au fimbo ya spini?

MgeniMtoni
Wakuu, salaam. Mwisho wa mwezi nanunua fimbo ya kuvulia samaki na nimebaki njia panda. Nalenga trauti wakubwa tu, hawa wadogo nimewachoka. Kuna fimbo ya nzi (ile ya kurushia chambo bandia chepesi mfano wa mdudu) ya futi 9, namba 8 kwa uzito wa mshipi wake, na kuna fimbo ya spini (ya kurushia chambo kizito) ya mita 2.4 pamoja na rili yake, yaani gurudumu la kukunjia mshipi. Hela inatosha kitu kimoja. Nichukue ipi?

Chubwi
Kwa mto gani, mkuu? Upana wake? Unaingia majini au unasimama ukingoni? Sheria za hapo zinaruhusu nini? Kuna mito ni nzi bandia peke yake, ukikutwa na spini umekwisha. Umekuja kama mgonjwa anayetaka dawa na hataki kusema anaumwa wapi.

SpiniDaima
Maswali yote hayo ya nini? Chukua spini. Trauti wa kahawia akishakuwa mkubwa hahangaiki tena na vidudu, anakula samaki wenzake, wakiwemo watoto wa ukoo wake. Basi mpelekee samaki. Kisamaki cha plastiki cha sentimita 9 hadi 12, kirushe ng'ambo, kivute kwa mishtuko, kisimamishe, kivute tena. Mara nyingi anakigonga pale pale kinaposimama. Na kwa spini unapekua kipande kirefu cha mto kabla jua halijachomoza vizuri, wakati mwenzako wa nzi bado anachomoa ndoano kwenye kichaka cha nyuma yake.

dada_Lava
Hapo kwenye vidudu umezidisha chumvi, kaka. New Zealand kuna mito ambayo trauti wa kilo tatu wanaishi kwa wadudu wa majini. Wavuvi wanawatafuta kwa macho kwanza, maji meupe pee, halafu wanawapelekea nzi mdogo kuliko ukucha. Fimbo namba 6 inawatosha. Namba 8 ni ya kurusha vile visamaki bandia vya manyoya vikubwa, vikishalowa ni vizito balaa, ikifika saa sita mchana bega halinyanyuki. MgeniMtoni, unataka kurusha nini hasa? Na unawala au unawarudisha majini?

MgeniMtoni
Nitawarudisha wengi wao. Mto si mpana sana. Kurusha nzi sijawahi ila nitajifunza.

Chubwi
"Si mpana sana" ni mita 8 au mita 40? 😂 Na kumbe hujawahi kurusha nzi, hilo ndilo ungelitanguliza.

MzeeWaKingo
Vijana, mnagombania fimbo bure. Anayekupotezea samaki mkubwa ni rili.

Nilinunua rili ya bei ya kuumiza, muuzaji akaapa kwamba breki yake, ile inayoachia mshipi taratibu samaki akivuta, imefungwa kabisa, maji hayaingii. Jioni moja mvua imenyesha juu huko, mto umepanda kidogo na kuchafuka. Hali hiyo ndiyo inayowatoa wakubwa kwenye maficho yao chini ya mizizi, kwa sababu mwanga ni hafifu na visamaki vinayumbishwa na maji. Nikarusha kwenye mkia wa dimbwi, pale maji yanapoanza kuwa kina kifupi kabla ya kuporomoka. Akala. Hakuruka, wa kahawia hana mambo ya kuruka ruka kama yule wa upinde wa mvua. Aliinamisha kichwa tu akaanza kushuka na mkondo, taratibu, mzito, kama hajui kwamba kuna mtu amemshika.

Rili ikatoa mshipi mita kumi hivi, inalia vizuri tu. Halafu ikanyamaza. Nalegeza breki, wapi. Navuta mshipi kwa mkono kutoka kwenye rili, haitoki hata inchi. Fimbo ikanyooka ikiwa imeelekea kwake, na hapo fimbo haikusaidii tena kitu, mshipi unabeba mzigo wote. Nikaanza kumkimbilia kando ya maji, nikapiga hatua chache tu, tap! Mwisho wa mshipi ukarudi umejikunja mviringo mviringo.

Usiku nikaifungua ile rili. Vile visahani vya breki ndani vimelowa, vimeota kutu, vimegandana. Niliporudi kwa muuzaji akaniambia nimeizamisha. Rili ya kuvulia mtoni haitakiwi kulowa?!

Chubwi
Mzee, shikamoo. Pole sana. Ila mshipi ukikatika, ncha huwa imekatika tu. Ukirudi umejikunja mviringo mviringo hivyo, hilo ni fundo limeteleza.

MzeeWaKingo
Marahaba. Fundo liliteleza kwa sababu rili iligoma. Rili ingetoa mshipi, fundo lingetelezea wapi?

SpiniDaima
Hahaha Chubwi mwachie mzee samaki wake. Ila kwenye rili nakubaliana naye. Mgeni, ukiwa dukani funga mshipi kwenye kitu, uvute polepole, usikilize. Breki nzuri inaachia bila kushtuka. Ikishtuka mwanzoni, irudishe kabatini kwao.

dada_Lava
Kama kweli utawarudisha, hesabu inabadilika. Mshipi uwe mnene kidogo, umlete haraka, usimchezee mpaka achoke kabisa. Maji yakishapita nyuzi joto 20 kunja virago, maana maji ya moto yana oksijeni kidogo na samaki aliyechoka hatarudi sawa hata kama ameondoka anaogelea. Na hivyo visamaki vya plastiki vinakuja na ndoano za ncha tatu mbili mbili. Nimeona trauti, ndoano moja imemshika mdomoni, nyingine imezama kwenye jicho.

SpiniDaima
Zinatolewa hizo. Unaweka ndoano moja ya ncha moja nyuma na jino lake unaliminya kwa koleo. Samaki wanaochomoka ni wachache kuliko unavyodhani, alimradi mshipi usilegee. Tusiilaumu spini, yule trauti wa rekodi wa 2009 pale mto Manistee, Michigan, zaidi ya kilo 18, alivuliwa kwa kisamaki bandia, si kwa manyoya ya kuku.

Chubwi
Rekodi hiyo ilishavunjwa, na 2020 New Zealand alitoka wa kilo 20 na ushee.

dada_Lava
Yule alitoka kwenye mfereji wa kuzalisha umeme! Wale wananenepa kwa chakula kinachodondoka kutoka kwenye vizimba vya samoni. Mimi hao siwahesabu, mada inasema mtoni.

SpiniDaima
Samaki ni samaki, dada.

Chubwi
Kama ni mtoni kuna yule wa 1992, Little Red River, Arkansas. Kilo 18 na kidogo, kwa mshipi mwembamba wa ratili 4 (unahimili kama kilo 2 tu) na kichambo kidogo cha manyoya chenye kichwa cha risasi. Kwa hiyo hayo ya mshipi mnene nayo yana mjadala wake.

dada_Lava
Kumpata kwa mshipi wa ratili 4 ni bahati ya mtu mmoja. Usimfundishe mgeni kutegemea bahati ya mtu mwingine.

MgeniMtoni
Nashukuru wakuu, naanza kuelemea spini, nzi nitanunua baadaye. Swali lingine: viatu vya kuingilia majini, soli ya manyoya (felti, ile ya nyuzi zilizoshindiliwa) au ya mpira?

MzeeWaKingo
Manyoya. Kwenye mawe yenye utelezi hakuna kinachoshika kama manyoya.

dada_Lava
Mzee, hayakauki, yanabeba mwani kutoka mto mmoja kwenda mwingine. New Zealand waliyapiga marufuku 2008 kwa sababu ya mwani vamizi uitwao didimo. Mpira wenye misumari.

SpiniDaima
Misumari inakwaruza mawe, trauti anasikia mtikisiko kabla hujarusha.

MzeeWaKingo
Anasikia mpaka kikohozi.

Chubwi
Kikohozi hasikii mzee, sauti ya hewani kwa sehemu kubwa inagonga uso wa maji na kurudi. Hatua za miguu ndiyo anazisikia.

MzeeWaKingo
Wewe umemuuliza lini?